Mlango Uliobakisha Vidole Vinne

Nyange Mjaka,
Chokocho, Pemba.

Kwa Fundi Mkuu Fahmi,
Karakana ya Milango ya Aluminiamu,
Chake Chake.

Mwanangu Fundi Fahmi,

YAH: MLANGO WA KIOO WA KUSUKUMA ULIOGOMA KUFIKA MWISHO WA SAFARI YAKE

Assalaam alaykum warahmatullah. Mimi na mke wangu Bi Mwanawema tu wazima, tunamshukuru Mola, ila faragha hatuna. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu unazipokea kwa adabu nzuri mno. Unaniambia, "Kesho, inshaallah, baba," na mimi naridhika mpaka nikumbuke kuwa jana uliniambia hivyo hivyo. Barua ina faida yake, huwezi kuiambia kuwa mtandao haushiki.

Kama umesahau, mlango wenyewe ni ule aliotutilia binti yetu Nusaiba, aliyeolewa Maskati, baada ya kuiona milango ya namna hiyo huko na kuona kuwa wazazi wake nao wanastahiki. Tuliung'oa mlango wetu wa mbao na komeo lake, tukaweka huu wako, unaotazama barazani na njia ya msikitini. Mwanzo ulikuwa ukiteleza kwa kidole kimoja. Tangu Ramadhani imalizike, unafika karibu na fremu, unasita, unabakisha nafasi ya vidole vinne. Nimeusukuma kwa mkono, kwa bega na kwa dua, na haupiti hapo. Matokeo yake ni haya:

1. Hodi imekosa maana. Mtu mstaarabu hupiga hodi akiwa nje, akasubiri, mwenye nyumba akapata kuvaa shati. Siku hizi mtu anatia mdomo kwenye uwazi, na hodi inafika ukumbini kabla yake. Bi Mwanawema hashushi mtandio kutwa nzima. Anapika nao, anafua nao, anapumzika nao. Nywele za mke wangu nimeanza kuzisahau.

2. Chakula, na hapa ndipo penye msiba. Wewe ni Mpemba, huna haja ya kufundishwa. Mtu akikuona unakula, sharti umwambie karibu, na yeye akiwa na adabu atasema ahsante, n'shakula, akapita zake. Mila hiyo iliwekwa na wazee waliokuwa na milango ya mbao. Kioo hawakukutana nacho. Sasa watu wakitoka kusali adhuhuri wanatuona tumekaa mkekani, mimi nasema karibu kwa ajili ya mila, na kwa kuwa mlango uko wazi, karibu yangu inachukuliwa kuwa ya kweli. Jirani yetu Mmanga hunijibu, "N'shakula, Mzee, lakini ntaonja." Akishaonja yeye, sufuria haihitaji kuoshwa. Tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, sijaona mkono mzima wa pweza katika sahani yangu.

Nilimwendea Mwalim Masika wa chuo cha Kurani, nikamuuliza mlango uliobakisha vidole vinne una hukumu ya kufungwa au ya kuwa wazi. Akasema suala ni zito, haliwezi kujibiwa bila kuonwa. Akaja kuliona, akarudi kuliona tena, na kila mara lilikuwa likionekana vizuri zaidi wakati wa chakula. Juzi akatoa jibu: jicho likishaingia, mdomo unadaiwa karibu. Tangu hapo anakuja kuhakikisha kuwa natekeleza.

3. Pazia. Najua utasema tutie pazia. Tumetia. Upepo wa pwani unapita kwenye huo uwazi wako, unalipeperusha pazia mbele na nyuma, na kwa aliyeko njiani linafanana na mkono unaoita. Zamani walikuwa wakija wanaotujua. Wiki iliyopita abiria mmoja aliteremka kwenye bodaboda, akaingia akidhani ni mgahawa. Alikula, akasifu, akauliza kama na kesho kutakuwa na samaki.

4. Kuku. Kuku wa Bi Ummkulthum, wa nyumba ya nyuma, hujibana kidogo akapita. Ametaga chini ya kochi letu, na hivi sasa anatamia. Bi Ummkulthum huja kila asubuhi kumjulia hali, hunywa chai, na ametuomba tupunguze sauti ya redio. Ameongeza kuwa si vizuri mlango kuguswa kabla vifaranga hawajatoka. Kwa hiyo ubovu wa kazi yako umeshapata watetezi ndani ya nyumba yangu.

5. Dini. Harufu ya mchuzi wa nazi wa Bi Mwanawema, ikipata njia, huenda moja kwa moja mpaka safu ya kwanza msikitini. Uradi baada ya sala umekuwa mfupi, na viatu vinatafutwa kwa pupa. Mzigo huo sikubali kuubeba peke yangu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwa hayo, naomba moja katika haya. Uje utengeneze. Au uniletee mlango wa mbao wenye komeo. Au uhamie Chokocho, usimame kwenye uwazi kila adhuhuri, useme karibu kwa niaba yangu, na chakula utoe wewe. Yote yakikushinda, mimi na Bi Mwanawema tutahamia hapo karakanani kwako, ambako nasikia milango yote inafungika.

Usinione bahili, mwanangu. Tumelea watoto sita katika nyumba hii, na miaka yote hiyo tulikula sinia moja tukigombania kipande na vikono vyao. Nilikuwa nikimwambia mke wangu, ngoja wakue, tutakula sisi wawili kwa utulivu, nikuchambulie samaki mimi mwenyewe. Wamekua, wameondoka, na pahala pao amekaa Mmanga. Ninachokitaka ni mlo mmoja wa mchana, mimi na mke wangu tu, wakati meno yangali yapo. Naumia kuomba kitu kidogo namna hii na kukikosa.

Wasalimie wote hapo karakanani, na mama yako, na yule kijana unayemwambia aseme kuwa hupo. Bi Mwanawema anakusalimu. Mmanga naye anakusalimu, yuko hapa. Kuku hajambo.

Wako, mwenye subira iliyobaki kidogo,

Nyange Mjaka

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado haijapata wa kuipeleka Chake. Jana asubuhi nililala kifudifudi kwenye reli ya mlango, nia yangu nikueleze ubovu wake kwa usahihi, nikaona kokwa ya tende imekwama chini ya kigurudumu. Bila shaka ni ya futari. Nikaichokoa kwa kijiti cha mshikaki, na mlango ukateleza mpaka mwisho. Kosa halikuwa lako, nisamehe sana.

Adhuhuri tukafunga. Pazia likatulia, Bi Mwanawema akavua mtandio, nikamchambulia samaki kama nilivyoahidi. Nje nikamsikia Mmanga akiwaambia wenzake, "Hawamo leo, wamekwenda Chake," wakapita. Tukala. Bi Mwanawema akaniuliza kama aniongeze mchuzi, nikasema nimeshiba. Baada ya kitambo akaniuliza tena. Nusu ya sufuria ilikuwa imebaki na hapakuwa na mtu wa kuisifu. Nilifurahi kuziona nywele zake, sikatai, lakini kila nilipoinua macho nilimkuta anautazama mlango, na yeye akanikuta mimi vivyo hivyo.

Alasiri alikwenda kabatini, akatoa tende moja, akaila, akanipa kokwa. Nimeitia chini ya kigurudumu kwa mkono wangu. Kwa hivyo usije kutengeneza kitu, mwanangu. Ukija, njoo adhuhuri, na usile kwanza. Kesho ni pweza.