Lori la Paraska Halipandwi Maua

Jumatatu, 1 Julai

Sikukuu ya taifa. Ghala la ngano limefungwa, leo sifagii. Nilitaka kulala. Saa tatu mbwa anabweka. Natoka, namkuta Metro, kaka wa marehemu mke wangu, na mtu wa mjini mwenye viatu vyeupe. Mtu ana tepu. Anapima lori. Lori letu!

Nikamuuliza Metro kinapimwa nini. Akasema tulia shemeji, huyu bwana ana hoteli, analitaka likae mbele ya mlango. Nikauliza ataliendesha nani. Yule bwana akacheka. Kumbe haliendeshwi. Litajazwa udongo, lipandwe maua. Nyuma waridi. Mbele, mahali pa injini, maua ya zambarau yanayoning'inia.

Nilikaa chini, kwenye nyasi.

Lori ni la mwaka 1950. Baba mkwe alilinunua jipya, akawaachia wanawe wawili, Metro na Paraska wangu. Paraska alijifunzia humo kuendesha ana miaka kumi na miwili, amekalia gunia la shayiri apate kuona nje. Humo ndimo alimoniambia ndiyo. Mwaka juzi, hospitalini, aliniambia mambo mawili. Nibadili soksi kila siku. Metro asiuze lori. La soksi limenishinda. Hili nalo linishinde?

Tulitukanana mpaka Padri Orest akasimamisha gari. Alikuwa anakusanya viazi vya sikukuu ya kanisa. Ana miaka thelathini na mbili, mimi sitini na saba, ananiita mwanangu. Akaamua yeye. Jumapili, kwa kalenda yetu ya zamani, ni siku ya Mtakatifu Yohane, msimamizi wa kanisa letu, na magari yote yatabarikiwa uwanjani. Lori likifika pale kwa injini yake, bila kuvutwa wala kusukumwa, ni langu. Lisipofika ni la Metro. Tukapeana mikono juu ya gunia la viazi.

Metro akauliza injini imefikia wapi. Nikasema zimebaki bolti mbili tatu.

Injini nusu iko kibandani. Nusu iko juu ya meza ya jikoni. Nakula nimesimama tangu Februari.

Jumanne, 2 Julai

Kazini nilifagia vibaya kwa mawazo. Jioni nikaanza kufunga.

Ni silinda sita, zimepangana mstari mmoja kama watu wanaosubiri komunyo. Majira ya baridi nilimpelekea fundi wa mjini konrodi zote sita, mikono ya chuma inayobeba pistoni. Akayeyusha madini laini, akamimina upya beringi za kwenye ncha zake. Zilirudi zinang'aa kama vijiko vya harusi. Nikafunga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tano, ya sita. Ya nne pini ya pistoni haiingii. Nikatia mafuta, haiingii. Nikapiga nyundo, haiingii. Nikatukana, haiingii.

Mama Dotsia alipita kudai sufuria za kanisa. Yeye ndiye mkuu wa jiko la parokia. Akanikumbusha tumo kwenye mfungo wa Petro mpaka tarehe kumi na mbili, nyama hakuna, mayai hakuna, maziwa hakuna. Nikamwambia nafunga. Ni kweli, ukiondoa kipande kimoja cha jibini. Akasema nimwige Metro, Metro hata harufu ya nyama haitaki. Metro hufunga kwa kelele. Hata mbwa wake wanajua.

Jumatano, 3 Julai

Sijui nianzie wapi.

Pistoni ukiipasha moto hutanuka, pini ikateleza yenyewe. Kila mtu anajua. Nikaiweka pamoja na konrodi yake ndani ya oveni ya Paraska. Moto wa kati ungechukua nusu saa. Nikaweka moto wa mwisho ili iwe haraka.

Hapo namsikia Metro nje. Amesimama kwenye uzio ameshika chungu cha maua ya zambarau, anakipeleka karibu na lori, anakirudisha, anainamisha kichwa kama mpiga picha. Makusudi! Nikatoka. Nikamwambia nilichomwambia. Naye akaniambia alichoniambia. Habari za mbuzi wa mwaka themanini na moja zikaingia.

Narudi ndani. Pini imeingia vizuri sana. Lakini chini ya oveni, pale mkate wa Pasaka ulipokuwa ukikaa, kuna kidimbwi cha fedha kinachometa. Nikadhani sufuria imevuja. Nikatazama konrodi. Beringi haipo! Imeyeyuka yote, imedondoka tone kwa tone huku mimi nagombana habari za mbuzi.

Nikampigia fundi. Akauliza kama niliipika. Nikasema niliipasha. Akasema wiki tatu.

Nina siku nne.

Alhamisi, 4 Julai

Sikulala. Alfajiri nikamkumbuka baba mkwe. Mwaka mmoja wa mavuno beringi ilimwishia katikati ya njia na ngano imejaa. Mzee alikata ngozi ya nguruwe wa kukaushwa kwa moshi kutoka chakula chake cha mchana, akaizungusha kwenye krenki mahali pa beringi, akafunga konrodi juu yake, akafika mjini. Alilisimulia hilo kila Krismasi. Paraska alikuwa anatikisa mdomo naye, neno kwa neno.

Ngozi ya nguruwe! Ina mafuta yake yenyewe!

Mchana nikaenda buchani. Nikaomba kipande kikubwa cha nguruwe wa moshi, chenye ngozi. Muuzaji amenifungia, nageuka. Mama Dotsia.

Alitazama kifurushi. Alinitazama mimi. Kikapu chake cha vitunguu kilianguka, vitunguu vikaenda kila upande, wala hakuviokota. Nikamwambia ni ya injini. Akasema Ostap, nimesikia walevi wakijitetea, nimesikia wezi, lakini hili ni jipya. Nikamwambia tena, mama, naapa, naitia ndani ya lori. Akafanya ishara ya msalaba. Yake, kisha yangu.

Maili nane mpaka nyumbani. Nafika, simu inalia. Ni Metro. Anauliza tamu?

Ijumaa, 5 Julai

Niliomba ruhusa ghalani, nikasema naumwa. Nilikuwa naumwa kweli, kwa hofu.

Nikakwangua mafuta yote, nikabaki na ngozi tupu, ngumu kama mkanda. Nikaikata kwa kisu cha Paraska cha tambi. Ikakaa vizuri mno! Nikafunga sampu, bakuli la oili la chini, nikatia oili, nikapandisha hedi, kabureta, plagi, nyaya. Saa tisa injini imo ndani ya lori. Nimeizunguka mara tatu. Siamini.

Metro akaja. Kuangalia tu, alisema. Akainama juu ya kabureta, pua ndani kabisa, akanusa. Akasema shemeji, mbona kuna harufu ya kifungua kinywa. Nikabonyeza starta.

Bum! Moto ulitokea juu, si nyuma! Ulimi mrefu wa njano. Metro akanyooka taratibu. Alikuwa na nyusi, sasa hana. Hana hata moja. Anaonekana ameshangaa daima.

Nikamwambia amechezea nyaya zangu. Akasema aguse nyaya kwa kutumia nini, nyusi? Nikahesabu upya. Silinda ya kwanza ni ya mbele, kwenye feni. Mimi nilianza kuhesabu kutoka nyuma. Sikumwambia.

Padri Orest akafika hapohapo. Amekuja kwa ajili ya roho yangu. Akasema amesikia nimezidiwa na nyama, na upweke ni kitu kizito. Nikasema Baba, ni ya injini. Akaniwekea mkono begani. Akasema mwanangu, ulafi una majina mengi.

Jumamosi, 6 Julai

Imewaka!

Nyaya zimepangwa upya. Starta mara moja, ikakohoa. Mara ya pili, ikapiga chafya. Mara ya tatu ikashika. Niliruka nyuma, nikakanyaga ndoo, nikaanguka. Nikasikiliza nikiwa chini. Sita zote. Laini kama cherehani ya Paraska akiwa hana hasira. Ya nne haigongi hata kidogo.

Nilikaa ndani dakika kumi bila kwenda popote. Kiti cha upande wake bado kina mbonyeo. Nikaongea naye kidogo. Hayo siandiki.

Nimezima haraka. Ngozi ni moja tu.

Nimebadili soksi.

Jumapili, 7 Julai

Maili tatu. Niliondoka saa mbili, mwendo wa ng'ombe. Maili ya kwanza, raha. Maili ya pili nikasikia njaa ghafla. Wiki tano sijala nyama, nikadhani ni kichwa changu. Kisha nikatazama kioo cha kuonea nyuma. Mbwa. Mbwa wa Metro wawili wako mbele, nyuma yao watatu wa jirani, nyuma yao mmoja simjui kabisa. Ngozi imeanza kukaangika!

Nikafika uwanjani wakati maandamano yanatoka kanisani. Msalaba mbele, mabango, kwaya, halafu watu wote, watu ambao wameishi kwa viazi na uyoga tangu Juni. Harufu ikawakuta mlangoni. Sauti ya tatu ya kwaya ikapotea. Kisha sauti ya pili. Mzee mmoja alimeza mate nikamsikia juu ya injini. Padri Orest alikuja na maji ya baraka, pua inatangulia.

Mama Dotsia akapiga kelele. Jamani! Ameitia kweli! Mwongo huyu alisema kweli!

Metro akasema hapana. Hilo halihesabiki. Lori limekula nyama ndani ya mfungo, siku ya sikukuu, mbele ya msalaba, haliwezi kubarikiwa. Watu wakaanza kubishana. Wengine walisogea karibu na boneti kubishana kutoka pale.

Nikamwona yule wa viatu vyeupe kando ya uzio, na tepu yake.

Padri alifikiri. Akamuuliza Metro kama lori lilibatizwa. Metro akasema lori? Padri akasema halijabatizwa, basi halifungi. Akachovya brashi, akanirushia maji usoni na mengine kwenye kioo. Akasema limefika kwa injini yake, watu wote ni mashahidi. Ni la Ostap.

Langu! Watu walipiga makofi. Metro alionekana ameshangaa, lakini tangu Ijumaa huwezi kujua.

Padri akaniambia zima sasa, mwanangu. Mama Dotsia akasema zima, tukiendelea kunusa tutavunja mfungo. Hata Metro akasogea dirishani, akasema kwa sauti ya chini, shemeji, inatetemeka hiyo, zima.

Nikamtazama. Nikamkumbuka na chungu chake cha maua. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, asikie.

Alisikia. Kijiji kizima kilisikia. Konrodi ya nne ilitoka ubavuni mwa injini kama mtu aliyekosa hewa. Tundu linaingia ngumi. Oili nyeusi ikaruka moja kwa moja kwenye shati la Metro, lile la kudariziwa, alilodarizi mama yao. Halafu mbwa wakaingia chini ya lori, kwa mpangilio.

Jumatatu, 8 Julai

Metro amelivuta lori kwa trekta yake mpaka kwangu. Nikamkumbusha tulikubaliana kufika, kuondoka hatukusema. Akasema najua, lori ni lako, acha kelele. Hakucheka mpaka getini. Hapo alicheka akashika usukani. Akasema Paraska angejikojolea. Nikasema kweli.

Kisha akasema ana injini kama hii, ndugu yake kabisa, ilikuwa ikiendesha msumeno wa baba. Niichukue kabla hajabadili mawazo. Ila nimpe ile iliyotoboka. Sikuuliza ya nini. Nilikuwa na mshangao wa kutosha wiki hii.

Alhamisi, 11 Julai

Kesho mfungo unakwisha. Nimeifungua injini ya Metro. Nzuri! Nimeshaelewa kosa langu la Jumapili. Ngozi ilikuwa nyembamba. Nimenunua nene, ya akiba. Mama Dotsia alikuwepo buchani, akanisalimia kwa heshima.

Pini ya pistoni ya nne imekataa tena. Pistoni imo ndani ya oveni, pamoja na konrodi yake. Moto wa mwisho, ili iwe haraka.

Sasa namsikia Metro nje. Nachungulia. Mungu wangu! Ameiweka ile injini yangu iliyotoboka mbele ya uzio wake, ameijaza udongo. Silinda sita, maua sita, ya zambarau. La nne linachungulia tundu la ubavuni. Anamwagilia huku akinitazama.

Natoka mara moja tu nikamwambie la pili limepinda.