Kiti cha Ambao Hawajazaliwa

Jumatatu, 3 Machi
Dada anasomea udaktari wa uendelevu, yaani namna ya kuitumia dunia bila kuimaliza. Si udaktari wa sindano. Kozi yao ina kichaa chake: mtaalamu wa maji, mchumi, dada mwenyewe wa sosholojia, na Mama Matofali anayefyatua tofali bondeni, lazima wakae meza moja wakubaliane swali moja la utafiti. Meza ni yetu, sebuleni. Hawajakubaliana hata madirisha yafunguliwe au yafungwe. Wakishindwa hadi Ijumaa, profesa analivunja kundi. Wakiweza, dada anahamia bondeni kwa utafiti mwaka mzima na chumba chake kinakuwa changu. Basi na mimi siku hizi napenda sana uendelevu.

Jumanne, 4 Machi
Wameongeza kiti kitupu. Agizo la profesa: ni cha watu ambao hawajazaliwa, waulizwe kabla ya uamuzi wowote. Mama Matofali akauliza hao wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Dada akamsihi asitanie. Mimi nimepata wazo.

Jumatano, 5 Machi
Nikajificha nyuma ya pazia nikijibie kiti. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na mbele ya wageni nakuwa bubu kwa zote mbili, ila pazia lingenisitiri. Mchumi akakiuliza kiti, kwa kejeli, kina la kusema? Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.
Wote wakaanza kuandika.
Walipoondoka dada akanivuta sikio. Eti nimeuliza maji ya bondeni yalikwenda wapi.
Sikuuliza. Na maji bondeni yapo, leo asubuhi nimeyavuka nikalowa viatu.

Alhamisi, 6 Machi
Mchumi na mtu wa maji wamelipenda swali. Mara ya kwanza kukubaliana. Lakini dada, kwa uadilifu wake unaochosha, anataka kumwambia profesa kwamba aliyesema ni mdogo wake. Chumba kinaniponyoka! Nikabuni ushahidi: nikakaa sofani mbele ya wote, mdomo umejaa maji, mashavu kama puto. Kiti kikisema, isiwe mimi.
Dada akakiuliza kiti, kwa adabu, ni maji gani hayo. Kisha sauti ndogo, karibu sana na meza, ikasema, "Ndiyo hayo, mdomoni mwake."
Nikameza.
Hakuna aliyecheka. Mama Matofali akavuta kiti chake, akakaa mbali nami.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa amepitisha swali. Dada amefunga virago. Chumba ni changu!
Mama amekataa kile kiti kibaki sebuleni, kwa hiyo kipo huku kwangu, karibu na dirisha. Kuna mtu anahema juu yake, taratibu. Ajabu, huyu simwonei haya hata kidogo. Tumeshazungumza. Nimemweleza vizuri: kesho, mama akiwa jikoni, aniombee kwake simu mpya.