Vibanio Vine vya Kiwanda cha Barafu

Jumatatu, 3 Machi 2025, Nchelenge

Uvuvi umefunguliwa juzi. Ziwa limejaa mitumbwi, kiwanda chetu cha barafu kinanguruma toka asubuhi. Leo patron wetu, mukubwa wa kiwanda, Ba Chilufya, alituita wote. Anatafuta mutu mumoja wa kuangalia usalama kazini. Atapewa koti la rangi ya machungwa! Filimbi! Alhamisi atakagua mwenyewe, halafu atachagua. Lombe akanyoosha mabega. Yeye ni fundi wa mashine, mutu wa Kabuta hapa karibu, anajua kusalimia wakubwa. Mimi Léopold ni mukimbizi wa kambi ya Mantapala, ninabeba barafu tu. Lakini akili ninayo.

Jumanne, 4 Machi

Mupango! Kule juu tunapita kwenye vipande vya chuma vyenye matundu. Kila kipande kinashikwa na vibanio vine. Saa ya chakula nilipanda na spana, nikafungua vyote vine vya kipande cha tatu. Alhamisi nitapiga kelele mbele ya patron: simameni, hatari! Nani ameiona? Léopold.

Nikatia vibanio mufukoni. Mufuko ulikuwa na tundu. Ting, ting, ting, ting. Vyote vimeanguka chini, maji ya mufereji yamevibeba ziwani.

Niligusa kipande kwa kidole cha muguu. Kikacheza kama jino la mutoto. Chini yake ni mita ine za hewa, halafu simenti. Mungu wangu.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala, sikula. Nikisema, wataniuliza nani alifungua. Nikinyamaza, mutu atakufa. Nimenyamaza.

Watu walipita pale mara kumi na saba. Niliweka ndoo juu ya kipande. Lombe akaiondoa, eti ninachafua njia. Nilifunga kamba. Akaikata.

Muchana muke wangu Orpha, naye anafanya kazi hapa, amehamishwa. Sasa anajaza barafu kwenye mifuko, chini kabisa ya kile kipande! Nilimuomba abadilishe nafasi. Nikamuambia pale kuna baridi. Aliniangalia sana.

"Léo, hiki ni kiwanda cha barafu."

Nilitaka kumuambia yote. Nikarudi kubeba barafu.

Alhamisi, 6 Machi



Ba Chilufya alipanda, sisi nyuma yake. Nilikimbia mbele nipige kelele. Kabla sijafungua mudomo, Lombe akanipita, akasema chuma hiki kina nguvu kuliko nyumba yake, akakanyaga kwa nguvu kumuonyesha patron.

Kipande kiliteleza, kikainama, kikaondoka. Lombe akazama mupaka kwapa. Nilimukamata mukono na kola. Chini, mulio mukubwa.

Orpha!

"Ba Léo, usiniachilie," Lombe alilia. "Nina watoto watatu."

"Sikuachi." Nilisema hivyo, lakini masikio yangu yalikuwa chini.

Halafu nikasikia sauti ya muke wangu, kali kabisa: "Nani anatupa vyuma? Nilikuwa nimeenda kuchukua mifuko!"

Ba Chilufya alitusaidia kumuvuta. Lombe amechubuka mbavu tu. Mimi nilikaa chini.

Ijumaa, 7 Machi

Ba Chilufya alisema: hakuna mutu kufungua kipande bila kuzuia njia pande zote mbili, na chini pia. Kamba tu haitoshi, tuweke vyuma. Shimo lisiachwe wazi hata dakika moja. Watu wasipite mupaka kila kibanio kirudi na kijaribiwe. Mutu akiona kimelegea, aseme palepale.

Akauliza nani alifungua. Niliangalia viatu vyangu.

Lombe akasimama. Alisema Ba Léo aliona hatari mbele ya wote, aliweka ndoo, alifunga kamba, na yeye mujinga aliviondoa. Koti apewe Ba Léo.

Nililia. Walifikiri ni furaha. Orpha peke yake hakupiga makofi.

Jumatatu, 10 Machi

Koti linanienea. Filimbi inalia vizuri. Lakini vibanio vyote ni vipya, hakuna kitu kinacheza. Nimezunguka siku nzima, hakuna aliyeniangalia. Na juma lijalo wageni wakubwa wanatoka Mansa kukagua kiwanda!

Ngazi ya stoo ina chuma cha kushika, kimefungwa na buloni sita, zile bolti nene. Nitalegeza mbili tu. Nitazitia alama ya chaki ili nisisahau. Nimeomba chaki kwa Lombe. Amenipa boksi nzima, akaniambia Mungu anibariki kwa kazi yangu.