Godoro Lililoniita Shujaa

Leo nimeaibika, tena kwa ngoma na vigelegele.

Kikundi chetu cha kina mama hapa Kibamba kilinituma nikanunue seti ya sufuria, zawadi yetu kwenye kicheni pati ya Neema, binti wa mwenyekiti wetu. Walinichagua mie kwa sababu sinaga tamaa ya vitu. (Ndivyo walivyodhani.)

Njiani nikakuta hema la magodoro. Ndani kuna kiyoyozi, harufu ya maua, na spika inatoa mlio wa mvua juu ya bati, wakati nje jua linaunguza watu. Kijana wa mauzo akanipokea kwa sauti ya kubembeleza. "Shikamoo mama. Jilaze kidogo tu, kujaribu ni bure."

Nikajilaza.

"Mama, mgongo huo umebeba watoto, umebeba ndoo, umebeba familia nzima. Wewe ni shujaa. Nani amewahi kukwambia pole?"

Hakuna! Nikalia. Mtu mzima na kilemba changu, nalizwa na muuza godoro.

Nilipofuta machozi nilikuwa nimeshalipa, kwa hela ya sufuria. Nikajitetea moyoni: sufuria ataletewa na wengine, usingizi atapewa na nani? Wakanipa godoro limekandamizwa na kuviringishwa ndani ya nailoni. Nikapanda nalo bajaji, najiona nina akili kuliko kikundi kizima.

Zawadi za kicheni pati, kama mjuavyo, hupelekwa kwa kucheza. MC akatangaza, "Kina mama wa Kibamba, sufuria hizo zije." Nikatangulia na godoro kichwani, nakata mauno. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wameacha kucheza. Sikuwaona.

"Lifungueni," nikasema kwa maringo.

Wakakata nailoni. Godoro likafura, likajinyoosha, likaishia hapo. La mtu mmoja. Lile nililolalia hemani lilitosha ukoo.

Mama Neema akalitazama, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu anaolewa, au anakwenda bweni?"

Ukumbi mzima ukacheka. Neema akajifunika uso kwa mtandio.

Kinachoniudhi, yule kijana hakunidanganya hata neno moja. Hakusema ni la watu wangapi, na mie sikuuliza, nilikuwa nalia.

Kikundi kimeamua: sufuria ninunue kwa hela yangu kabla ya harusi, godoro nibaki nalo. Naandika haya nimelilalia. Nilipanga kumlaani yule kijana mpaka asubuhi, lakini jamani, nasinzia.