Madishi Yanamsalimu Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Balaa. Baba mkwe anakuja kazini kwangu Ijumaa, siku ya wageni. Mama watoto ndiye aliyemwalika. Nilimuuliza kwa upole kwa nini hakunishauri. Akasema alidhani bosi haombi ruhusa kwa mtu.

Hapo ndipo penye mwiba. Mimi si bosi. Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini na kutazama visanduku, kila dishi na kisanduku chake. Kikiwa kijani, dishi ni zima. Kikiwa chekundu, namwita mwenzangu Bwana Utaratibu, naye anajua la kufanya. Madishi yenyewe yako uwandani, marefu kuliko nyumba, yanasikiliza nyota. Lakini siku ya posa nilimwambia mzee kwamba ni mimi ninayeyaamuru.

Mwalimu mkuu mstaafu, yule. Alinitazama kama mwanafunzi aliyemkuta nje ya darasa wakati wa kipindi. Tangu siku hiyo hajawahi kuniita mwanangu. Naitwa "huyu bwana". Mwanyumba wangu, aliyemwoa shemeji, ni rubani wa ndege. Yeye anaitwa mwanangu hata kwenye simu!

Ijumaa lazima mzee aone kwa macho yake. Liwalo na liwe.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Programu yetu inakubali amri za ratiba. Unaandika leo, inatekeleza kila siku kuanzia kesho, wewe ukiwa zako unakunywa chai. Kila asubuhi saa nne watafiti huyapumzisha madishi kidogo kabla ya kuhamia nyota nyingine. Hakuna atakayeumia. Mimi nitakuwa uani na baba mkwe. Nitanyanyua mkono, nitasema "Geukeni", nayo yatageukia langoni, tulipo sisi. Kwisha.

Ukutani tuna saa mbili, ya watu na ya nyota. Programu ikauliza nafuata ipi. Nikachagua ya nyota. Saa ya watu ni ya watu wa kawaida. Ilipogonga saa nne kamili nikasoma saa ya nyota inasemaje, nikaandika hivyo hivyo. Ikataka pia jina la amri. Nikaweka "Salamu kwa Baba Mkwe". Adabu ni muhimu.

Kwa sasa nimeliamuru dishi moja tu, lile bovu la pembeni, lisilosikia tena nyota, ambalo hakuna anayelitumia.

Jumatano, 6 Machi

Jaribio limefaulu. Dishi bovu limegeuka lenyewe, mimi nimekunja mikono. Raha iliyoje!

Kasoro ndogo: limegeuka kabla ya saa nne kidogo. Nikagundua saa yangu ya mkononi inachelewa. Nimeisogeza mbele. Nimemwambia na Bwana Utaratibu asogeze yake. Akaniambia yake haina tatizo. Mbishi sana yule. Halafu anapanga kalamu zake kwa urefu.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao asubuhi nzima, sikuweza kuona jaribio la pili. Mkuu wetu, mama mwenye miwani ya kamba, alisema hivi karibuni atateua msaidizi wake. Nilikaa wima. Bwana Utaratibu naye alikaa wima, lakini yeye hukaa hivyo siku zote.

Jioni nimebadilisha amri. Badala ya dishi moja, yote. Nyumbani nimejipima mbele ya kioo nikinyanyua mkono. Mama watoto akauliza kama nasimamisha basi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wageni. Upepo tangu alfajiri. Mzee amefika kwa suti ya kijivu na fimbo. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza ofisi yangu iko wapi. Nikasema kazi yangu siyo ya kukaa ofisini, nikamkokota uani haraka.

Saa yangu ilionyesha kuna dakika za kutosha, nikaanza maelezo. Mzee hakusikiliza. Aliyanyooshea madishi fimbo, akauliza kwa nini yote yamewapa wageni kisogo, ndiyo adabu gani hiyo.

Yakageuka. Yote! Kimya kimya, kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu mlangoni. Wageni wakapiga makofi. Wakampigia mzee.

Nikaona nisipofanya jambo nimekwisha. Nikanyanyua mkono, nikasema, "Geukeni!" Hakuna. Nikarudia kwa sauti. Mama mmoja mgeni akaniuliza kama bega linaniuma.

Mzee akanisogeza pembeni kwa ncha ya vidole. Akainua fimbo juu, akayaambia yatazame mbinguni. Na hapo hapo upepo ukavuma kupita kiasi. Upepo ukizidi, programu haimuulizi mtu, inayalaza madishi chali yasije yakang'oka. Mzee kainua fimbo, madishi yamelala chali. Makofi tena. Watu wakapanga foleni kupiga picha naye.

Ndani hali ilikuwa nyingine. Skrini kubwa ya ukutani, kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani: SALAMU KWA BABA MKWE, IMETEKELEZWA. Mtafiti mmoja alikuwa bado anaisikiliza nyota yake, katikati ya kazi akapewa lango letu. Alimuuliza Mkuu huyo Baba Mkwe ni wa chuo gani.

Bwana Utaratibu alieleza bila kuulizwa. Saa ya nyota huitangulia ya watu kwa dakika nne kila siku. Amri iliyowekwa Jumanne itawahi Jumatano, itawahi zaidi Alhamisi, na Ijumaa itawahi mno. Akasema jambo hilo lilifundishwa siku ya kwanza ya mafunzo. Siku ya kwanza mimi nilikuwa nashughulikia kiti cha dirishani.

Hukumu ya Mkuu: nisiguse tena amri yoyote. Nitazame visanduku tu. Na msaidizi wake ni Bwana Utaratibu, ambaye kuanzia leo ndiye msimamizi wangu. Nimeumia. Nimempa mkono, lakini nimeumia.

Jumamosi, 9 Machi

Chakula cha mchana ukweni. Nilikwenda nimeamua kusema kweli yote. Mtu mzima haogopi aibu.

Mzee alikuwa ameshaanza hadithi, na kila ndugu aliyeingia alianziwa upya. Ndani ya hadithi hakuna upepo. Kuna fimbo tu, na madishi yenye nidhamu. Mwisho akawaambia wote kwamba rubani ana miaka chungu nzima angani, hajawahi hata siku moja kumruhusu mzee ashike usukani. Lakini huyu, mbele ya wageni, kamwachia mzee kazi yake yote, yeye akakaa pembeni. Akaniwekea mkono begani. Akasema, "Mwanangu huyu ana heshima."

Mwanangu! Macho yalinijaa machozi, nikasingizia kitunguu. Mama watoto alinitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu harusi. Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nikaumeza pamoja na wali.

Kisha mzee akasema siku ijayo ya wageni ataleta walimu wastaafu wenzake. Kugeuka wameshasikia. Safari hii anataka madishi yainame. Nikamjibu kwamba hilo ni dogo, baba.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi nilimwomba Bwana Utaratibu kama ndugu. Amri moja tu, ya kuinamisha. Akanisomea kanuni. Nikamwomba tena. Akanisomea kanuni kuanzia mwanzo.

Basi, dawa ya moto ni moto. Kinachotakiwa ni neno lake la siri tu. Anachapa kwa vidole viwili, polepole, na midomo inamcheza. Mchana nilipiga goti kando ya kiti chake nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilishaziona herufi mbili. Bila kugeuka, akaniuliza tangu lini viatu vyangu vina kamba.

Nikatazama. Kweli havina.

Kesho nitavaa vyenye kamba.