Makumbusho ya Mtandaoni Yafika Nyarero

Jumatatu, 5 Februari 2024

Ijumaa Afisa Elimu Kata anakuja kukagua, na hapo hapo mwalimu wa taaluma atapatikana. Ni mimi au Mwalimu Goodness. Nafasi yangu hiyo! Nimetoka Bukoba kuja kufundisha Maarifa ya Jamii huku, nimevumilia vumbi na ugali wa mtama. Tatizo ni Goodness. Anabeba kibuyu cha bibi yake na jembe la kale, watoto wanashikashika, darasa linajaa. Kwangu, toka dhahabu ionekane kule bondeni, nusu wako machimboni. Leo nimewasema kwa ukali: elimu ndiyo dhahabu! Waliokuwepo wamesikia. Waliotakiwa kusikia hawakuwepo.

Jioni nimepata dawa. Makumbusho wameweka vitu vyao mtandaoni, bure! Vyungu vya kale, mikuki, mashoka ya mawe, unavizungusha kwa kidole. Kibuyu cha bibi kitasema nini? Goodness kwisha habari yake.

Jumanne, 6 Februari

Mtandao shuleni hakuna. Baada ya vipindi nimezunguka uwanja mzima, simu juu, taratibu. Ukishika mtandao unasimama, hata kupumua unaogopa. Kila penye mtandao nikaweka jiwe nisipasahau. Wachimbaji waliokuwa wanapita barabarani wakasimama kunitazama. Wengine wakavua kofia. Nikawapungia mkono. Kumbe ualimu bado una heshima, nikajisemea.

Jumatano, 7 Februari

Mungu wangu! Kila jiwe langu limegeuka shimo. Mashimo ya maana, mtu anazama hadi kifuani. Mwalimu mkuu, Mama Veronika, kaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Aliyenifumbua macho ni Mzee Magige, kiongozi wa wachimbaji. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa kwenye simu yangu. Akasema watu wamemwona mwalimu anapima dhahabu kwa kipimo kipya: anatembea, kinamshtua, anaweka jiwe. Akataka nikapime na shamba lake. Nikikubali, vijana wake watafukia mashimo ya shule kabla ya Ijumaa.

Mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikakohoa, nikamwambia kipimo hiki kinakula bando. Akanunua bando, akaongeza na jogoo.

Alhamisi, 8 Februari

Nimepima shamba la Magige. Nimetembea kwa sura ya kazi, nikasimama penye kivuli, maana jua lilikuwa kali. Nikawaita vijana wake kienyeji: mura, chimbeni hapa! Wakachimba hapo hapo. Udongo mtupu. Mzee kanuna, mashimo ya shule hayafukiwi, na anataka jogoo wake. Jogoo nilishamla.

Ijumaa, 9 Februari

Afisa kafika. Nikawapanga watoto uwanjani, penye mtandao mzuri kuliko kwingine kote, yaani ukingoni mwa shimo. Chungu kikafunguka, kikazunguka. Nikanguruma: tazameni kazi ya mababu! Nikarudi nyuma kidogo ili Afisa aone vizuri. Shimoni puu! Simu kwenye tope, mimi juu ya simu.

Watoto walicheka hadi wengine wakakaa chini. Goodness hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinivuta nikatoka, kisha akawaonyesha watoto tabaka za udongo na vigae vya chungu vilivyochomoza ubavuni mwa shimo. Vigae vya kweli! Wakashuka, wakaokota, wakauliza maswali hadi Afisa naye akavua viatu. Nafasi kapewa Goodness. Nimeumia, siwezi kuficha. Nilipiga makofi huku tope linanidondoka.

Jumatatu, 12 Februari

Mama Veronika kaamuru nifukie mashimo mwenyewe. Nimefukia tangu asubuhi, mgongo umekufa. Shimo la mwisho, kitu kikameta. Jiwe! Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikalitia mfukoni. Kufukia nikaacha.

Jioni nilikuwa Nyamisangura, mjini Tarime, kwa Maftah, mnunuzi wa dhahabu. Hata mizani hakuigusa. Akasema huo ni ulanga tu, unameta bure, hauna bei, mwalimu, rudi ukafundishe. Rudi ukafundishe! Namjua huyu, anataka nilitupe aliokote yeye.

Nimemtumia Mama Veronika ujumbe kwamba tumbo linanikata, kesho sitafika. Goodness nimemwomba anishikie vipindi. Kakubali, kanipa na pole. Ana moyo mzuri yule. Sururu nimeshaazima.