Kwaya ya Vaurelles Yaomba Maegesho ya Kulala

Kwaya ya Parokia,
Vaurelles.
Jumanne, 9 Septemba.

Kwa Mheshimiwa Meya,
Bwana Ghislain Cabrespine,
Ofisi ya Mji.

YAH: MAHALI PA KULALA MAGARI-NYUMBA, NA BESI TULIYEPOKONYWA

Mheshimiwa Meya,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi mwalimu wako wa zamani wa kwaya, niliyekutoa kundini ukiwa na miaka tisa kwa sababu ambazo sote wawili tunazikumbuka. Naamini jambo hilo halihusiani hata kidogo na haya ninayoyaandika. Nimelitaja mapema ili tulimalize.

Kwaya yetu ina wanawake kumi na mmoja, pamoja na Bwana Léonce, anayeimba sauti ya tatu mpaka saa ya dawa zake ifike. Sauti ya nne, yaani besi, ile nzito ya chini kabisa, hatuna. Tangu mume wangu Anselme, aliyekuwa na bucha pale kona, afariki miaka sita iliyopita, tunaimba kama nyumba iliyoezekwa bila kujengewa msingi. Padre Aubin ni mpole. Kila Jumapili hutuambia, "Mmeimba vizuri, akina mama," kwa ile sauti ambayo watu huitumia kutoa pole.

Mwezi Juni Mungu akatukumbuka. Gari-nyumba moja, yale magari meupe yenye kitanda, jiko na choo ndani ambayo wastaafu huzungukia dunia, lilisimama kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa. Ndani alikuwemo Bwana Joost Verhulsel, Mbelgiji, mwalimu wa hesabu mstaafu, pamoja na mkewe Godelieve. Asubuhi nikitoka kununua mkate nilimsikia akiosha vyombo huku akiimba. Mheshimiwa, vioo vya kanisa vilitetemeka. Mkate ulinidondoka.

"Samahani, mama," akaniambia dirishani, "nimekuamsha?"

"Umeniamsha baada ya miaka sita," nikamjibu. "Alhamisi jioni una kazi?"

"Nimestaafu, mama. Sina kazi mpaka kufa."

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, nami nitayaweka kwa namba ili katibu wako asiyapoteze.

1. Alhamisi hiyo Bwana Joost alikuja mazoezini. Alipoingia na noti yake ya kwanza, Bi Philomène na Bi Yvette, ambao hawajasemezana tangu ile kesi ya ua wa mpaka, walishikana mikono. Kesho yake asubuhi askari wako wa mji, Firmin Delpuech, akagonga mlango wa gari akiwa na amri uliyoitia saini: ni marufuku kulala ndani ya gari mjini Vaurelles.

"Mlilala au hamkulala?" akauliza.

"Tulilala," akajibu Joost, maana ni mtu mkweli.

"Basi mmevunja sheria. Mngekesha, nisingewagusa."

Mwalimu wa hesabu ni mtu wa kufuata kanuni, Mheshimiwa. Mara ya pili hawakulala. Yeye na mkewe walikesha siku mbili mfululizo wakicheza karata kwenye viti vyao, na Firmin alipita kila baada ya saa moja kuhakikisha macho yako wazi. Jumapili Joost aliimba Utukufu akiwa amesimama, amefumba macho, anakoroma. Nakiri kwamba hata hivyo alikuwa kwenye ufunguo wa wimbo.

2. Castelbrun, kilomita tisa tu kutoka hapa, wamewatengea wageni hawa mahali. Si hoteli. Ni uwanja uliosawazishwa, bomba la maji safi na shimo la kumwagia maji machafu. Kwa bomba na shimo wametumaliza. Mwalimu wao wa kwaya, Bi Hortense Vayssade, huamkia bombani na keki ya plamu mkononi, na kila mwanamume anayeshuka kujaza maji humwomba aseme "habari za asubuhi" kwa sauti ya chini kadiri awezavyo. Kwa njia hiyo ameshavuna Wajerumani wawili na daktari wa meno kutoka Ureno. Kufikia Julai alikuwa na Joost wetu. Kwenye sikukuu ya wilaya besi yao ilikuwa nzito hata ungeweza kuipaka kwenye mkate. Sisi tulikuwa wa tatu. Kwaya zilikuwa tatu.

3. Ndipo tukalazimika kumwiba. Tulilirudisha gari lake mchana kweupe, tukalifunika mashuka meupe, tukaegemeza msalaba wa mbao wa Ijumaa Kuu mbele yake, tukawasha mishumaa na kutundika kibao: KIKANISA CHA MUDA. Nimeisoma amri yako mara nne na hakuna mahali inapokataza kikanisa kulala. Saa sita mchana watu walikuwa wamepanga foleni. Bi Yvette aliingia akatubu kwa dakika arobaini. Joost hakupata pa kumkatisha, Kifaransa chake kikimwishia kila anapojaribu. Mwishowe akampa adhabu aijuayo, yaani kukariri jedwali la kuzidisha kwa saba, mara tatu. Yvette alitoka uso uking'aa.

Kisha akaja Firmin. Nilidhani mambo yameharibika. Akavua kofia, akaingia, akakaa robo saa, akatoka macho mekundu bila kuandika faini.

"Amekwambia nini?" nikamuuliza Joost.

"Siri ya kitubio, mama."

"Wewe si padre!"

"Mimi najua. Yeye hajui."

Aliyetufungia ni Padre Aubin mwenyewe, na si kwa hasira. Alisema tu kwamba foleni yetu imekuwa ndefu kuliko yake, na Joost akarudi Castelbrun.

4. Kisha wewe, badala ya kujiuliza watu wa Vaurelles wana njaa ya nini, ukakingamisha chuma juu ya mlango wa uwanja, kimo cha mita mbili, kuzuia magari-nyumba. Tarehe 15 Agosti maandamano ya sanamu yalipita hapo. Mtakatifu wetu msimamizi, ukimpima pamoja na mabega ya wanaombeba, ni mita tatu. Waliombeba walipiga magoti, lakini mkono wake wa baraka ulikuwa juu, na vidole viwili vikabaki kwenye chuma chako. Sasa anatuonyesha ngumi. Waumini wameongezeka, sikatai, lakini wanakuja kwa woga.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba yafuatayo:

(a) Chuma kiondolewe.

(b) Tupatiwe bomba na shimo.

(c) Muda wa kukaa ufuate sauti. Besi wapewe wiki mbili, wakitaka waongezewe. Sauti ya tatu siku tatu. Sauti za kwanza tunazo za kutosha. Wapewe glasi ya maji na waelekezwe Castelbrun. Wasioweza kuimba kabisa walale siku moja bila kubughudhiwa. Hatuna chuki nao. Baadhi yao tumewachagua kwa kura.

(d) Firmin anyang'anywe filimbi, apewe uma wa kupimia sauti.

Usidhani naandika haya kwa ajili ya nyimbo tu. Alhamisi ile Joost alipoimba nilikuwa kwenye kinanda, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike Anselme niliisikia sakafu chini ya nyayo zangu. Besi huisikii kwa masikio, Ghislain. Inakupandia miguuni, unajua kuna mtu amesimama nyuma yako. Mji usiompa mgeni pa kulaza kichwa hubaki na sauti zake wenyewe, na zetu kila mwaka zinazidi kuwa nyembamba.

Msalimie mkeo, na mama yako umwambie goti langu pia halijapona. Wasalimie makatibu wote, hata yule wa dirisha la pili.

Ndimi mwananchi wako mtiifu,

Odile Maurenq,
Mwalimu wa Kwaya.

N.B. Nilikuwa naileta barua hii kwa mkono, nikamkuta Firmin uwanjani akikaza skrubu za kile chuma. Kikamponyoka, kikamwangukia mguuni. Mheshimiwa, mtu yule hakupiga kelele. Alitoa noti ya Re ya chini kabisa, safi, isiyoyumba, akaishikilia mpaka njiwa wote wakahama mnarani. Nilimuuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hii. Akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza, Mwalimu." Anaanza Alhamisi hii, na atakula kwangu kwanza.

Kwa sababu hiyo nafuta maombi (a) mpaka (d). Chuma kibaki, kiteremshwe kiwe mita moja, na viongezwe vingine kwenye barabara zote zinazoingia mjini, hasa ile ya Castelbrun. Mgeni yeyote asilale, asisimame, asijaze maji. Na Firmin aamriwe kuanzia leo kutoa faini zake kwa maandishi tu, bila kufungua mdomo mbele ya watu.